Mpaka wa Busia: Kutoka Baiskeli Hadi Simu

Msafiri atokaye Tiira, katika Wilaya ya Busia nchini Uganda, akitaka kufika upande wa Kenya, hupanda pikipiki ya abiria iitwayo bodaboda. Neno hilo leo hutamkwa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, na husikika hata katika hotuba za bungeni. Wengi walitumiao hawajui kwamba lilizaliwa pale pale anapokwenda msafiri huyo, yaani katika mji wa Busia, ambao sehemu yake moja iko Uganda na nyingine iko Kenya.

Katika miaka ya 1960 abiria wa basi waliofika Busia walilazimika kushuka langoni, kwa sababu basi halikuruhusiwa kuvuka bila hati maalumu. Kutoka lango la nchi moja hadi lango la nchi ya pili palikuwa na mwendo unaozidi nusu maili.  Mama mwenye mtoto mgongoni na gunia kichwani alipaswa kutembea mwendo huo wote juani. Ndipo vijana wenye baiskeli walipofunga mto juu ya keria na kuanza kuwaita abiria kwa kulitamka mara mbili neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Wito wao ukawa "boda, boda", na jina likashika.

Hapana Serikali iliyopanga kazi hiyo, wala kampuni iliyoifungua. Waliibuni wakazi wenyewe kwa kuwa waliona haja, na maofisa wakaikuta imekwisha kuwapo. Mtu akiichunguza historia ya mpaka huo ataona kwamba mambo mengi ya hapo yamekwenda hivyo. Wakazi hutafuta njia ya kuvukia, na Serikali huja baadaye, ama kuihalalisha ama kuifunga. Na kila ilipofungwa, gharama iliwaangukia wale wale walioibuni.

Kabla ya ukoloni hapakuwa na lango. Wasamia, wanaokaa pande zote mbili za mto Sio, walikuwa wafua chuma mashuhuri, na majembe yao yaliuzwa kwa majirani wa mashariki na wa magharibi. Waiteso walikuwa wamesogea kutoka kaskazini katika karne ya 19 na kukaa katika nchi ambayo leo ni Tororo na, ng'ambo yake, Amagoro na Amukura. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilifika Mumias, ikapumzika kwa wafalme wa Wanga, kisha ikaendelea kuelekea Busoga na Buganda. Askofu James Hannington aliipita njia hiyo mwaka wa 1885 na akauawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Kwa hiyo watu wa sehemu hizo walizoea wageni, bei na lugha za mbali muda mrefu kabla ya kuja ramani.

Ramani ilikuja kwa namna ya ajabu. Reli iliyoitwa Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, kwani jimbo la mashariki la Uganda lilienea hadi karibu na Naivasha. Miezi michache baadaye, mwaka wa 1902, Waingereza walilihamisha jimbo hilo lote na kulitia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, ili reli iwe chini ya utawala mmoja. Hivyo Reli ya Uganda ikawa haifiki Uganda! Wenyeji hawakuulizwa. Amri ya Serikali ya Uingereza ya mwaka wa 1926 ikaueleza mpaka kwa kuifuata mito, Sio upande wa ziwa, kisha Malaba, kisha Lwakhakha hadi mlima Elgon. Ndugu walioteka maji katika mto mmoja wakawa raia wa makoloni mawili.

Hata hivyo, kwa muda mrefu mstari huo haukuwauma sana wananchi. Bwana alikuwa mmoja pande zote mbili, naye alitaka mali ipite upesi iende Mombasa. Reli mpya ya kupitia Eldoret na Tororo ilifika Kampala mwaka wa 1931. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikubaliwa Tororo kama ilivyokubaliwa Kisumu, mpaka kila nchi ilipofungua benki kuu yake mwaka wa 1966. Posta na simu zilikuwa shirika moja, na reli shirika moja. Mapatano yaliyotiwa sahihi Kampala mwezi wa Juni 1967 yakaziweka huduma hizo chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtu aliyepiga simu kutoka Tororo kwenda Bungoma alihudumiwa na shirika lile lile tangu mwanzo hadi mwisho.

Mambo yaliharibika baada ya Idi Amin kutwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Kufukuzwa kwa wafanyabiashara wa Kiasia mwaka wa 1972 kuliyaacha maduka mengi ya Uganda matupu, na katika miaka iliyofuata sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya taa vikawa vitu vya kutafutwa. Vilipatikana Kenya. Uganda, kwa upande wake, ilikuwa na kahawa, ambayo mkulima alilazimika kuiuza kwa bodi ya Serikali kwa bei ndogo na kusubiri malipo. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kasi isiyopata kuonekana. Mkulima wa Bugisu aliyesikia habari hizo alijua la kufanya. Kahawa ikaanza kuvushwa usiku, kichwani, kwa punda na kwa baiskeli, hadi soko la Chepkube upande wa Kenya karibu na Lwakhakha, ambalo miaka ya 1976 na 1977 liligeuka kutoka gulio la kijijini na kuwa mahali pa kutajirikia.

Biashara hiyo iliitwa magendo, na huko Uganda neno hilo likaja kuwa na maana pana kuliko kukwepa ushuru. Lilikuwa jina la uchumi mzima wa zama zile. Waliotajirika nao waliitwa mafutamingi. Lakini si sawa kuwaweka katika fungu moja mafutamingi mwenye lori na askari wa kulilinda, na kijana wa Busia aliyebeba ratili chache za sukari juu ya keria. Wa kwanza alijinufaisha kutokana na njaa ya wenziwe. Wa pili alikuwa na njaa hiyo hiyo. Risasi za askari wa mpakani mara nyingi zilimpata huyu wa pili, maana yule wa kwanza alikuwa amekwisha kuzungumza na wakubwa.

Baiskeli za boda zikapata kazi mpya katika siku hizo za taabu. Na katika miaka ya baadaye pakatokea pia kundi jingine ambalo wageni hulistaajabia, nalo ni walemavu wa miguu waliokuwa na baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Walizijaza bidhaa hadi juu na kuvuka nazo, na maofisa wa forodha wengi waliona haya au huruma kuwatoza. Wafanyabiashara waligundua jambo hilo upesi, wakawakodi. Hivyo mtu ambaye kijijini kwao alionekana kuwa mzigo akajenga nyumba na kuoa, kwa sababu tu palikuwapo ushuru wa kukwepwa. Habari zao zitarejewa baadaye, maana zinaonyesha jambo ambalo wasifu wa umoja wa Afrika Mashariki hupenda kulisahau.

Mwezi wa Februari 1976 Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mali ya Uganda kwa haki, akiutaja ule uhamisho wa 1902. Kwa hesabu za historia alikuwa na ukweli fulani, kwani jimbo lilihamishwa. Lakini kama kila Rais wa Afrika angeifungua ramani ya wakoloni na kuchagua mwaka unaompendeza, bara zima lingewaka moto, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umekwisha kuamua huko Cairo mwaka wa 1964 kwamba mipaka iliyokutwa siku ya uhuru iheshimiwe. Wakenya walifanya maandamano, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kushughulikia mizigo ya Uganda. Baada ya shambulio la Waisraeli katika uwanja wa ndege wa Entebbe mwezi wa Julai, uhusiano ulizidi kuharibika na Uganda ikaishiwa mafuta ya petroli. Ilipofika Agosti nchi hizo mbili zilitia sahihi mapatano mjini Nairobi, na malori yakapita tena.

Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ilivunjika. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi wa Februari mwaka huo, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mpaka wa Busia haukufungwa kwa namna hiyo, ila uligawanyika kimyakimya. Shirika la simu likawa mashirika mbalimbali, na simu ya kutoka Busia hadi Busia ikawa simu ya nchi za nje. Mtu angeweza kumwita nduguye kwa sauti akiwa ng'ambo ya barabara, lakini akitaka kuzungumza naye kwa waya, ilimbidi alipe kama apigaye simu ya ugenini. Reli nazo ziligawanywa, mabehewa yakahesabiwa, na mali ya Jumuiya ikabishaniwa mpaka mapatano ya Arusha ya Mei 1984.

Chombo kimoja tu hakikugawanyika, nacho ni redio. Mawimbi hayaulizi pasi ya kusafiria. Katika nyumba za Tororo na Busia Radio Uganda na Sauti ya Kenya zilisikika zote mbili, na msikilizaji aliyetaka kujua kilichotokea nchini mwake mara nyingine alifungulia idhaa ya jirani. Desturi hiyo ya kutafuta habari za nyumbani kwa njia ya jirani ni ya kukumbukwa, kwa kuwa ilikuja kurudi katika zama nyingine na kwa chombo kingine.

Wengi walidhani kwamba kuanguka kwa Amin mwezi wa Aprili 1979 kungeyamaliza matatizo ya mpakani. Haikuwa hivyo. Mwezi wa Desemba 1987 askari wa Uganda na wa Kenya walifyatuliana risasi Busia, watu wakafa, na mpaka ukafungwa. Mji ulio kama nyumba moja yenye vyumba viwili ukajikuta mlango wa kati umepigwa misumari. Rais Daniel arap Moi na Rais Yoweri Museveni walikutana Malaba kabla ya mwaka kwisha, na lango likafunguliwa. Viongozi waliachana kwa kupeana mikono. Wauza samaki na wauza ndizi walirudi kuhesabu mali iliyooza.

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa Mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika mwezi wa Julai 2000. Umoja wa Forodha ukaanza mwaka wa 2005, na Soko la Pamoja tarehe 1 Julai 2010. Hizo ndizo tarehe za vitabuni. Lakini mwananchi wa Busia akiulizwa ni lini aliona kwa macho yake kwamba mpaka umelegea, huenda asizitaje hizo. Huenda akataja siku simu yake ilipovuka naye bila kukatika.

Siku hiyo ilikuja mwezi wa Septemba 2006. Kampuni ya Celtel, iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, ilikuwa na mitambo Kenya, Uganda na Tanzania. Ikaamua kuifanya mitambo ya nchi hizo tatu kuwa kama mtambo mmoja. Mteja wa Uganda aliyefika Kenya alipiga simu kwa bei ya wenyeji, akapokea simu bila kutozwa, na akaweza kuongeza salio kwa vocha iliyonunuliwa palepale alipo. Kabla ya hapo kupokea tu simu ukiwa nchi ya jirani kulitafuna salio lote. Jambo hilo lilikuwa halijafanyika mahali pengine popote duniani kwa namna hiyo, hata Ulaya, ambako nchi zilizoungana kwa miaka mingi zilikuwa bado zinawatoza wasafiri wao fedha nyingi. Wapinzani wake katika biashara nao hawakukaa bure. Safaricom ya Kenya, Vodacom ya Tanzania na MTN ya Uganda walishirikiana kuleta mpango wao, nao wakauita kwa Kiswahili, Kama Kawaida.

Inafaa kuangalia jambo hilo lilielekea wapi baadaye. Celtel ilikuwa imenunuliwa mwaka wa 2005 na kampuni ya Kuwait, ambayo mwaka wa 2007 ilijipa jina la Zain. Mwaka wa 2008 mpango ulioanzia Afrika Mashariki ulipelekwa katika nchi za Waarabu, zikiwamo Bahrain, Jordan na Iraq, ambazo raia wake nao huvuka mipaka ya majirani kila siku kwa kazi, biashara na kutembeleana. Kwa kawaida Mwafrika huambiwa kwamba mambo mapya humjia kutoka nje yakiwa tayari. Hapa njia ilikuwa ya kinyume, ingawa fedha zilikuwa za Kuwait, na hilo nalo lisifichwe.

Ukweli ni kwamba wakazi wa Busia na Malaba walikuwa wamekwisha kupata dawa yao kabla ya kampuni. Kila mfanyabiashara alibeba laini mbili, moja ya Kenya na moja ya Uganda. Mawimbi ya mnara wa Kenya huingia Uganda bila kubisha hodi, na ya Uganda huingia Kenya, hivyo mtu akiwa upande mmoja huweza kuitumia laini ya upande wa pili bila kuvuka. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, na MTN ilipoleta huduma kama hiyo Uganda mwaka wa 2009, wabadilishaji fedha wa mpakani, waliokuwa wakisimama langoni na vifurushi vya noti mkononi, walianza kufanya kazi yao kwa simu. Shilingi za Kenya huingia katika laini moja, na shilingi za Uganda hutoka katika laini nyingine. Mama aliyeogopa kuporwa njiani aliacha kufunga fedha kwenye ncha ya kanga.

Serikali ziliwafuata wakazi hao. Mwaka wa 2014 Kenya, Uganda na Rwanda ziliwaruhusu raia wao kusafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa peke yake. Uamuzi ulikuwa mwema, ila kwa Mganda wa kawaida ulitangulia kitambulisho chenyewe, kwani uandikishaji wa watu wote Uganda ulianza mwaka huo huo. Kuanzia mwaka huo pia nchi hizo zilikubaliana kwamba simu baina yao isizidi senti 10 za Kimarekani kwa dakika na kwamba kupokea kuwe bure. Kile ambacho kampuni moja ilikifanya kwa wateja wake mwaka wa 2006 kikawa sheria baada ya miaka minane. Na kilichorudi kilikuwa ni kile kilichopotea mwaka wa 1977, ingawa hotuba za siku hizo hazikutaja jambo hilo.

Intaneti nayo ilikuja kwa njia ya zamani. Mpaka mwaka wa 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya pole. Mwaka huo mikongo miwili ya chini ya bahari ilifika Mombasa. Mmoja wapo, uliojengwa kwa ushirikiano wa Serikali ya Kenya, unatoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, yaani katika bahari ile ile ambayo majahazi yaliivuka kwa pepo za kaskazi. Kutoka Mombasa mkongo ulifuata barabara na reli kwenda bara, ukapita Malaba na Busia kuingia Uganda. Uganda haina bahari. Petroli yake na mbolea yake kwa sehemu kubwa hupita hapo, na sasa hata barua na picha za raia wake hupita hapo hapo ardhini, chini ya miguu ya waendesha bodaboda.

Hata hivyo, lango la intaneti lina makufuli yake. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu atumiaye mitandao ya kijamii. Kodi hiyo iliondolewa mwaka wa 2021 na mahali pake ikawekwa nyingine juu ya vifurushi vya intaneti. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote, ikarudi tarehe 18. Katika miji ya ndani mtu hakuwa na la kufanya. Mpakani mambo yalikuwa tofauti, kwa kuwa mnara wa Kenya haukuzimwa, na mwenye laini ya Kenya aliyesimama mahali panapofikiwa na mawimbi yake aliendelea kusoma na kuandika. Watoto wa wale waliofungulia redio ya jirani katika miaka ya 1970 wakafungua simu zao kwa njia hiyo hiyo. Wakuu walisema hatua ile ilikuwa ya kulinda usalama. Mfanyabiashara aliyekuwa na mzigo njiani na malipo yaliyokwama kwa siku tano alikuwa na hesabu yake nyingine, na hesabu hiyo hakuna aliyejitolea kuilipa.

Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Museveni walikifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na msafiri hushughulikiwa mara moja tu, katika nchi anayoingia. Lori lililokuwa likilala mpakani kwa siku nyingi sasa huweza kupita kwa muda mfupi. Wafanyabiashara wadogo wana utaratibu wao, kwani mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zisizozidi dola 2,000 hupewa hati nyepesi na hatozwi ushuru wa forodha. Tatizo ni kwamba wengi hawaujui utaratibu huo, au wameambiwa na kabaila fulani wa langoni kwamba haupo. Hawa ndio bado wanaopita njia za panya, wakilipa rushwa kubwa kuliko ushuru ambao kwa sheria hawadaiwi.

Kisha lilikuja gonjwa la korona. Mwezi wa Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa abiria, na madereva wa malori wakawa wanapimwa mmoja mmoja huku foleni za Malaba na Busia zikienda makumi ya kilometa. Mwezi wa Januari 2022 madereva waligoma kwa sababu ya ada ya kipimo, na foleni ikarudi. Dereva alilala chini ya lori lake wiki nzima, akiwa na simu inayofika popote ulimwenguni, lakini yeye mwenyewe hawezi kusogea hatua mia.

Sasa ile habari ya baiskeli za magurudumu matatu. Umoja wa Forodha ulipopunguza ushuru, faida ya kumkodi mlemavu avushe mzigo ilipungua. Wengine walipata kazi nyingine, wengine hawakupata. Hapana aliyewadhulumu, wala si hoja ya kurudisha ushuru. Lakini katika sherehe za kufungua milango haikufikiriwa kwamba wapo waliokuwa wakila kutokana na kufungwa kwake, na kwamba hao walikuwa miongoni mwa maskini kuliko wote. Baiskeli za boda nazo zimepungua mbele ya pikipiki zilizoenea tangu miaka ya 1990, na waendeshaji wake wa zamani, waliompa jina kila mwenye pikipiki wa Afrika Mashariki, hawakuachiwa kitu kingine isipokuwa jina hilo.

Tiira nako, mambo yanaonekana kwa kipimo kingine. Huko kuna dhahabu, iliyojulikana tangu miaka ya 1930, siku zile zile watu walipokimbilia Kakamega kwa sababu hiyo hiyo, kwani mwamba ni mmoja na hupita chini ya mpaka kama mkongo wa intaneti. Wachimbaji wadogo huchimba mashimo kwa mikono, husaga mawe, na huikusanya dhahabu kwa zebaki, ambayo ni sumu kwao na kwa wanaokunywa maji ya mabondeni. Zamani mchimbaji alikubali bei ya mnunuzi kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwuliza. Leo huiangalia bei ya dunia katika simu, huigawa kwa gramu, na huona waziwazi pengo lililopo kati ya bei hiyo na ile aliyotajiwa kando ya shimo. Lakini mara nyingi mnunuzi ndiye aliyemkopesha fedha za kuchimbia, na deni haliondoki kwa kujua bei.

Mwenye kutaka kuisafirisha dhahabu nje kwa sheria anahitaji kibali, na ofisi kuu ya madini iko Entebbe, zaidi ya kilometa 200 kutoka Tiira. Mtu mwenye gramu tatu zilizofungwa katika kipande cha karatasi hupiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi. Kisha huitoa laini ya Uganda katika simu yake, hutia ya Kenya, na kumwuliza mtu aliye ng'ambo leo ananunua kwa kiasi gani. Jibu likimridhisha, hadi langoni Busia ni mwendo mfupi wa bodaboda.